Mbao Iliyo Chini ya Shavu

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ile ya kukarabati bunduki za kale, mtaa wa Observatory, sikuonyeshwa bunduki. Nilionyeshwa kitako peke yake, mbao bila chuma, imelazwa mezani kama mgonjwa, imejaa mabonde na mikwaruzo ya vita ambavyo babu zangu hawakuwahi kuvisikia. Ulikuwa mwaka 2008, katika baridi ya Johannesburg, ile kavu inayopasua midomo. Tajiri wetu tulimwita Meja. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, Mzungu aliyelelewa Nakuru, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuamrisha mpishi.

"Wewe iko fundi ya mbao kweli?"

"Ndiyo, Meja. Kule Bujumbura nilitengeneza vitanda."

"Hii hapana kitanda. Lakini shavu nalala hapa. Tengeneza, na hapana ondoa kitu."

Ninyi vijana mnaoniuliza kazi ile ilikuwaje, anzeni na maneno hayo ya mwisho. Seremala wa vitanda akiona bonde anachukua msasa. Bunduki ya kijeshi ya miaka mia haipigwi msasa, maana ukiisugua unafuta alama za kiwanda na jina alilolichonga askari kwa kisu chake. Bonde tuliliinua kwa mvuke: unalaza kitambaa kibichi, unagandamiza pasi ya moto, na nyuzi za mbao zilizobonyea zinavimba na kurudi mahali pake. Kisha unapaka mafuta ya kitani kwa kiganja kitupu, unasugua hadi kiganja kiwake, unaiacha ikauke, unarudia. Mkewe fundi wa mbao hahitaji kuuliza mumewe ametoka wapi; harufu inamwambia.

Mwaka wa kwanza nilikaa meza ya nyuma, karibu na sinki. Baadaye Meja alinihamishia dirishani, ubavuni mwa Kasongo.

Kasongo alikuwa fundi wa chuma, mtu wa Lubumbashi, mrefu, mwenye uso mwembamba kama ubapa wa patasi. Alinitangulia pale na alikuwa mdogo kwangu kwa umri. Yeye alisafisha mitutu, akachonga springi, akarekebisha vifyatulio. Alikuwa fundi hasa, sisemi uongo. Ningependa kuusema.

Karakana ilikuwa na desturi moja. Bunduki ikikamilika tuliipeleka uwanja wa shabaha nje ya mji, Meja akiwa na vibali vyake, na aliyeshughulikia chuma ndiye aliyepiga risasi ya kwanza. Aliyeshughulikia mbao alibeba bunduki kutoka garini, akamkabidhi mwenzake, akarudi nyuma kuangalia birika. Birika lilikuwa kazi ya kweli: risasi za zamani huacha chumvi ndani ya mtutu, na usipoumiminia maji yanayochemka kabla ya kuondoka, kutu inaanza kuula siku hiyohiyo. Kwa hiyo nilichemsha maji. Nilichemsha maji miaka nenda, miaka rudi, nikitazama mgongo wa Kasongo.

Siku moja nilimuuliza Meja sababu ya desturi hiyo.

"Mtutu napasuka, iko pasuka mbele ya uso ya fundi yake," akasema. "Mbao naua nani?"

Kasongo, aliyeniita kwa jina la mwanangu na ambaye "ndiyo" yake ya Lubumbashi ilikuwa "njo", akacheka huku akifunga bolti. "Njo vile, Papa Divine. Chuma njo inauaka."

Basi nikaionea wivu hata hatari yake. Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa kile kitendo kidogo kabla ya mlio. Kasongo aliinua bunduki, akaishusha begani, akalaza shavu. Alililaza juu ya mbao niliyoipasha joto kwa kiganja changu, akafumba macho kidogo, akatabasamu. Nilijisikia kama mtu aliyemwogesha na kumvalisha bibi harusi wa mwingine.

Mke wangu, Mama Divine, alinichoka. "Wewe unanuka mafuta, Kasongo ananuka baruti," alisema jioni moja kwenye chumba chetu cha Hillbrow. "Siku utakapokuja unanuka baruti, nitajua nimepata mume mpya. Kula."

Kisha ikaja bunduki ya Kaburu. Ilikuwa imefichwa ukutani mwa nyumba ya shamba tangu vita vyao na Waingereza. Chuma kilikuwa kimepakwa mafuta ya kondoo, kikasalimika. Mbao ililiwa na mchwa yote. Meja akanunua gogo kavu la mjozi, akaliweka mezani kwangu. "Hii tengeneza mpya," akasema. "Zaa."

Nilizaa. Unapaka mtutu masizi ya taa, unaulaza kwenye mbao, unauinua. Palipobaki weusi ndipo mbao inapogusa vibaya, na hapo tu ndipo unapokwangua. Unapaka tena, unalaza tena. Mbao ikibana mtutu upande mmoja, risasi haiendi unakotazama.

Mwisho unakuja mgongo wa kitako, pale pa shavu. Atakayepiga anafumba macho, analaza shavu, anafumbua. Jicho likifunguka moja kwa moja kwenye mstari wa vilengeo, vile vyuma vidogo vya kulengea juu ya mtutu, mbao iko sawa. Lisipofunguka hapo, unapunguza, unajaribu tena. Kasongo alikuja mezani kwangu kila alasiri. "Bado, Papa Divine." Nikakwangua. "Kidogo tena." Nikakwangua. Hatimaye akafumbua macho, akasema polepole, "Sasa njo penyewe."

Ilikuwa 2014, na vidole vyangu vilikuwa vimeanza kukataa kushika patasi. Nilikuwa nimeshaaga kazi. Uwanjani nikamkabidhi Kasongo bunduki kama siku zote, nikageukia birika.

"Mzee," Meja akaita. "Hii mbao nazaliwa kwa mkono yako. Leo wewe napiga kwanza."

Kasongo akanirudishia bunduki. Nilikuwa nimengoja muda mrefu hivi kwamba nilisahau kuogopa. Nikaiweka begani, nikalaza shavu, nikafumba macho, nikafumbua.

Sikuviona vilengeo. Shavu langu ni nene, la duara, shavu la mama yangu. Jicho lilitua juu, pembeni mwa mstari. Nikagandamiza uso hadi mfupa ukauma, nikavuta kifyatulio. Bunduki ikanipiga shavuni kofi ambalo hakuna aliyewahi kunipiga, na udongo ukaruka juu kushoto, mbali na karatasi.

Kasongo akaichukua. Akalaza shavu bila kutafuta. Tundu likatoka katikati.

Meja alitazama uso wangu uliovimba, kisha uso mwembamba wa Kasongo. "Eish, mzee," akasema. "Wewe nashona suti ya mtu ingine."

Nikaenda kumimina maji.

Sasa nimestaafu. Kasongo huja kunisalimu siku za Jumapili, koti lake likinuka baruti, na Mama Divine humpa kiti kizuri. "Ile ya Kaburu ingali inapiga sawa, Papa Divine," ananiambia. "Inanijua."

Namtazama anapokunywa chai. Nalijua shavu lile kuliko mke wake anavyolijua.