Mtoto Wetu kutoka Ng'ambo ya Kagera

Aliingia kwetu kwa miguu yake mwenyewe, ameshika pindo la kanga ya mama yake. Mama huyo alitoka Ruanda, upande wa Wabelgiji, pamoja na kundi la watu waliokuja Muleba kuchuma kahawa. Alikuwa mjane. Tulimpa kibanda nyuma ya migomba yetu, akachuma nasi msimu mmoja na nusu ya msimu wa pili. Kisha homa ikampata. Tulimpeleka kwa machela hospitali ya misheni, na baada ya siku nne tukarudi bila yeye.

Binti yake alikuwa na miaka mitatu hivi. Tulimkuta jikoni kwa mama mkwe wangu, anakula ndizi, akaniuliza mama yuko wapi. Nikamwambia. Alilia mpaka akachoka, akalala mapajani mwangu. Miguu yangu ilikufa ganzi lakini sikusogea.

Mimi na mume wangu tulikuwa na miaka minane ya ndoa bila mtoto. Kwa siku kadhaa sikusema lolote, naye hakusema. Asubuhi moja nikamwona uani anachonga kigoda kidogo mno kwa mtu mzima, nikajua shauri limekwisha.

Kwetu lilikwisha; kwa serikali ndiyo kwanza lilianza. Mkuu wa kijiji alituambia kwamba mtoto wa nchi nyingine haokotwi kama kuku aliyepotea, twende bomani Bukoba tukaandikishe. Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache hata kwa Kihaya, na Kiswahili alikiogopa kuliko nyoka. Mimi nilikuwa nimesoma madarasa manne kwa masista, basi nikawa msemaji wa nyumba.

Tulisafiri juu ya magunia ya kahawa, mtoto katikati yetu, akiimba njia nzima wimbo wenye neno moja. Mjini tulifikia mtaa wa Bakoba kwa mke wa fundi cherehani, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, aliyekuwa akinunua ndizi zetu. Usiku kabla ya kwenda bomani alinitaka nimsomee maneno niliyoyaandaa. Akanisikiliza hadi mwisho, akacheka taratibu.

"Mwanangu, usiseme 'nataka'. Sema 'nimekuja kuomba'. Bomani hawampendi mtu anayetaka."

Nikaomba, na karani akaandika. Jina la baba, hatulijui. Siku ya kuzaliwa, hatuijui. Kwa mzaha akamwuliza mtoto mwenyewe kwao ni wapi, naye akamwonyesha mume wangu kwa kidole. Jibu hilo karani hakuliandika, maana fomu haikuwa na nafasi yake. Bwana shauri, Mwingereza kijana mwenye pua iliyobabuka kwa jua, alitueleza kwa upole kwamba hawezi kutukabidhi mtoto wa Wabelgiji bila kuwauliza Wabelgiji. Ataandika barua, nasi tulete picha.

Hiyo picha ilitutoa jasho. Mara ya kwanza mtoto alikimbia, ikatoka picha ya kiti. Mara ya pili alifumba macho. Mara ya tatu mpiga picha alimtia kipande cha sukari guru mdomoni, akatulia. Basi sura iliyokwenda Ruanda ilikuwa ya mtoto mwenye shavu moja limevimba, anayewatazama Wabelgiji kana kwamba wao ndio wamechelewa.

Kahawa ilichanua, ikaiva, ikachumwa. Nilikwenda Bukoba mara mbili nikaambiwa bado. Mara ya tatu barua ilikuwa imefika, yenye mihuri mizuri, lakini kwa Kifaransa. Karani aliigeuza juu chini, akanishauri niende kwa padre. Padre akaisoma kimya kwanza, jambo ambalo sikulipenda. Kisha akasema mjomba wa mtoto, ndugu wa marehemu, amepatikana, naye anakuja.

Njia nzima ya kurudi nilijilaumu kwa kufuata sheria.

Alifika kwa miguu kupitia Ngara, mtu mrefu mwembamba, amebeba kikapu cha mtama. Mtoto hakumjua. Alikaa kwetu siku tisa. Kinyarwanda chake na Kihaya chetu vilikuwa kama watoto wa mtu na dada yake: vinagombana, lakini vinaelewana. Alikata majani makavu ya migomba pamoja na mume wangu kutwa nzima, wote wawili kimya, na jioni mume wangu aliniambia kwamba huyu ni mtu mzuri sana wa kuzungumza naye.

Siku ya nane nilikuwa namenya ndizi, akaja akaketi karibu.

"Nilikuja kumchukua," alisema. "Mke wangu ameshamtandikia."

Niliendelea kumenya. Sikuthubutu kuinua macho.

"Jana aliteleza pale kwenye mfereji. Mimi nilikuwa karibu kuliko wewe. Akanipita, akakukimbilia." Akaokota ndizi iliyobiringika, akanirudishia. "Sitaki afiwe na mama mara mbili."

Alitupa masharti mawili: tusimfiche mtoto jina la mama aliyemzaa, na tumpeleke kwa bibi yake kabla mzee huyo hajafa. Nilikubali yote, nikakimbilia migombani kulia, nikamkuta mume wangu huko tayari, macho mekundu, akijifanya anatafuta panga.

Tulikwenda bomani sote wanne. Mjomba akatia dole gumba, mume wangu akatia lake, mimi nikaandika jina langu kwa mwandiko wa masista. Bwana shauri akagonga muhuri.

Tulitimiza sharti la pili binti alipofika miaka minane. Bibi yake alikuwa karibu kipofu. Alimpapasa uso kwa vidole, polepole, akasema paji la uso ni la marehemu, kisha akaagiza aletewe maziwa. Mke wa mjomba alikataa tuondoke kabla ya wiki mbili, na mtoto akazimaliza akichunga na binamu zake.

Wakati wa kurudi, tukiwa juu ya lori tunaipita Biharamulo, binti alikuwa akihesabu kwa vidole.

"Huko kwetu," akasema hatimaye, "kuna ng'ombe wengi kuliko huku kwetu."

Baba yake alifikiri, kisha akamjibu kwamba ni kweli, lakini wetu wawili wana maziwa mazito.