Kuanika Mchele Sharpstown

Duka lile la jumla huingii bila kadi, na kadi yenyewe unailipia kila mwaka. Siku ya kwanza nilimuuliza binti yangu, "Unalipa kiingilio ili wakuuzie?" Akacheka. "Mama, ukinunua kwa wingi unaokoa. Nikiokoa vya kutosha, naacha zamu za Jumamosi."

Binti yangu ni nesi. Wiki nzima yuko hospitali, Jumamosi tena hospitali, na Jumapili yake ya kupumzika tunasukuma toroli pana kama kitanda ndani ya ghala lisilo na madirisha. Mle huwezi kujua kama nje ni mchana au usiku. Taa nyeupe, baridi, watu wanatembea taratibu kama wanaota, na vitu vimepanda mpaka karibu na paa. Unafuata sabuni, unatoka na sabuni ya kufulia mpaka wajukuu waoe. Jumamosi zikabaki za hospitali.

Kiangazi nikafungua gunia la mchele lililokaa kabatini tangu Pasaka. Joto la huku Sharpstown, Houston, lina maji ndani yake. Mchele ulikuwa unatembea. Fukusi.

"Tupa, Mama," akasema. Ndiyo kwanza ametoka zamu, viatu bado miguuni. "Tutanunua mwingine."

"Kwa zamu ipi?"

Akainama kufungua kamba za viatu.

"Kasogeze gari lako," nikamwambia. "Nataka kuanika."

"Mama, huku watu hawaaniki vitu paking!"

"Kwani jua la huku ni la kukodi?"

Akasogeza, analalamika. Nikashusha mchele kwa beseni, nikautandaza kwenye shuka pale lilipokuwa gari, nikaketi kwenye kiti na ufagio wangu. Mama mmoja Mkongo, jirani wa chini, akapita na mifuko yake. "Aa, maman! Leo ndege ya Houston itakula muzuri!"

"Wajaribu," nikamjibu.

Fukusi wakaanza kuhama mmoja mmoja. Lami ikapumua joto, magari yakawa kama yanaelea, na mchele ule mweupe ukametameta kama jaruba la mpunga lililojaa maji. Nikajiona mdogo, shambani kwetu, nikiinga ndege wasile mpunga, nikipiga debe bovu, sauti imenikauka. Sijui nilikaa hivyo muda gani.

Binti yangu akashuka na mifuko ya taka. Alikuja kuumaliza ule mchele, nilijua. Nikampisha kiti. "Kaa kwanza, utatupa baadaye."

"Dakika moja tu, Mama."

Hata haikufika. Kichwa kikamlalia begani, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala mgongoni mwangu nikipanda mpunga.

Hapo wakaja wale ndege weusi wenye mikia mirefu, sauti zao kama mlango usiotiwa mafuta. Mmoja akatua pembeni mwa shuka, akanitazama kwa jicho la njano. Nikainua ufagio. Lakini ndege haingwi kimya kimya. Lazima upige makofi, upige kelele, utukane na ukoo wake.

Nikamtazama binti yangu. Nikaulaza ufagio chini.

Wakatua wengine, wakala mchele wetu wa kuokoa.

"Kuleni basi," nikawanong'oneza. "Ila msigombane."