Gari Lililozima Mteremkoni

Mume wangu alipostaafu aliniambia neno moja: mama yake hatapanda tena bodaboda kwenda kliniki. Mama mkwe alikuwa na presha na sukari, na magoti yalikuwa yamemchoka. Tulikuwa tukimpakia kwenye pikipiki, mimi nyuma yake nimemshika kiunoni, naye anasoma dua kutoka Mchinga mpaka tunashuka Lindi. Basi mafao yalipotoka, mume wangu alikwenda Dar es Salaam akarudi na gari dogo la rangi ya fedha, lililotumika Japani miaka mingi na kutumika tena huku kwetu. Mama mkwe aliketi kiti cha nyuma, akapapasa kitambaa chake, akasema, "Alhamdulillah. Sasa nitakwenda kliniki kama mtu."

Halikukaa sana kabla ya kuanza visa. Safari ya kwanza lilizima tukiwa tumesimama sokoni Lindi, tukacheka. Safari nyingine lilizima likiwa kwenye mwendo. Hapakuwa na mlio wala moshi. Injini ilinyamaza tu, usukani ukawa mzito, taa zote za dashibodi zikawaka. Mume wangu aliliserereshea pembeni, tukakaa na milango wazi mpaka injini ikapoa, kisha likawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mkanda wa kiti cha nyuma nao ulikuwa haukazi. Ukiuvuta unakuja tu, ukiuachia unabaki umelegea mapajani.

Fundi wa Lindi alibadilisha plagi, akabadilisha pampu ya mafuta, akabadilisha sensa. Kila mara alituambia safari hii limepona, na nadhani mwenyewe aliamini hivyo. Kuhusu mkanda alisema vipuri vyake havipatikani, labda tubahatishe kwenye gari lililokufa.

Ni hapo gereji nilipokutana na baba mmoja wa Njinjo, mkulima wa korosho na ufuta, aliyekuwa na gari kama letu, tofauti ni rangi tu. Tulikaa naye kwenye benchi tukisubiri.

"Lenu nalo linazima?" akaniuliza.

"Linazima."

"Likipata moto?"

"Likipata moto."

"Langu siku hizi hata likiwa baridi." Alitazama mikono yake. "Mwezi uliopita gurudumu la mbele lilikatika kwenye kiungo, likalala. Bahati nilikuwa naingia nyumbani. Ingekuwa barabara kuu, mama, hungenikuta hapa."

Nikamuuliza kama alimweleza aliyemuuzia.

"Nilimpigia. Akaniambia gari nilikagua mwenyewe, nikalipenda mwenyewe. Halafu hakupokea tena."

Sisi tulikuwa tumeambiwa maneno hayohayo. Alitutajia na wengine anaowajua, muuguzi mmoja, mfanyabiashara mmoja kutoka kule Umakondeni, wote wana gari la aina hiyo na wote wanasimulia yaleyale. Nilitegemea kusikia hivyo kungenipa moyo kwamba hatuko peke yetu. Nilirudi nyumbani nimekata tamaa zaidi. Nilimwambia mume wangu tuliache.

"Na mama tumpeleke na nini?" akaniuliza. Hakuwa akinibishia. Alikuwa anauliza kweli.

Siku ajali ilipotokea tulikuwa tunarudi kutoka kliniki, mchana, jua kali. Mama mkwe alikuwa amefurahi kwa sababu presha ilikuwa imeshuka. Alikuwa akitusimulia habari ya mwanamke aliyekaa naye kwenye foleni, aliyeficha maandazi kwenye kanga asionwe na daktari wa sukari. Tukaingia kwenye mteremko kabla ya Mchinga, na injini ikanyamaza.

Mume wangu alikanyaga breki. Ilishika kidogo. Akakanyaga tena na tena, na kila alipokanyaga ile pedali ilizidi kuwa ngumu, mpaka ikawa kama anakanyaga jiwe. Mbele yetu lori la mkaa lilikuwa linashuka polepole. Nilimwona akiuvuta usukani kwa mabega yote mawili. Tukatoka barabarani, tukapita majanini, tukaangukia shimo la mtaro pembeni mwa shamba la ufuta.

Mimi nilipasuka mdomo. Mume wangu hakupata kitu. Mama mkwe alikuwa amerushwa kutoka kitini, amebanwa kati ya viti, mkanda umemzunguka tumboni bila kumshika. Hakulia. Alisema tu, taratibu, "Wanangu, mguu wangu siusikii."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitali walituambia kwa umri wake na sukari yake, kumpasua ni hatari. Tukarudi naye nyumbani, na tangu siku hiyo hajasimama. Hajawahi kumlaumu mwanawe. Mara nyingine naona ingekuwa heri amlaumu, maana mume wangu humgeuza asubuhi na jioni, humwosha, humpaka mafuta mgongoni pasifanye vidonda, na muda wote huo hamtazami usoni.

Gari walilivuta, fundi akalinyoosha, likakaa uani. Hatukutangaza kuliuza. Lakini akaja kijana mmoja na mkewe, mke amebeba mtoto mchanga, wamesikia lipo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaeni."

Mume wangu aliwaeleza yote. Aliwaambia linazima, breki inakuwa ngumu, mkanda haukazi. Kisha akawapeleka chumbani wakamsalimu mama yake kitandani, akawaambia, "Huyu ndiye ambaye gari lilimfanya hivi."

Wakatoka, wakasimama uani wakinong'ona. Nilijua wataondoka, na moyo wangu ulitulia. Kijana akarudi.

"Tumekuelewa, mzee, na tunashukuru hukutuficha. Ila mke wangu ana shida ya moyo, tunatakiwa Lindi kila wiki. Kwenye pikipiki anaishiwa pumzi. Gari lisilo na kasoro hatutaweza kulinunua maisha yetu yote."

Mume wangu alinitazama. Nilimtazama mtoto. Hakuna kati yetu aliyeweza kusema tusiwauzie, kwa sababu tulikuwa tumewahi kusimama pale alipokuwa amesimama yule kijana.

Liliwaka mara ya kwanza. Mke alikaa nyuma na mtoto mapajani, akauvuta ule mkanda, ukaja wote, akaushika kwa mkono. Wakaondoka.

Siku hizi kliniki nakwenda peke yangu, kwa bodaboda, kumchukulia mama mkwe dawa. Daktari huniuliza kila mara mgonjwa mwenyewe yuko wapi, kwamba hawezi kuendelea kumtibu mtu asiyemwona. Namwambia yuko nyumbani, tunatafuta usafiri. Huandika, hunipa dawa zilezile, na mimi huzifunga kwenye kanga nikarudi.