Baridi Niliyoikana

Ngoja nikueleze polepole, msikilizaji wangu, maana hata wakazi wa Nairobi hulikosea jambo hili. Baridi ya Julai haishuki kutoka Mlima Kenya. Inatoka baharini, kusini kabisa. Maji ya huko yakipoa kuliko kawaida, upepo unaopita juu yake hutufikia ukiwa baridi, na mawingu yake huziba jua hata wiki nzima.

Nilijua hayo yote. Miaka ya tisini nilikuwa mtabiri wa hali ya hewa, nikichora ramani kwa penseli. Mwenzangu wa kazi, jirani yetu pale mtaani Makongeni, ambaye mke wangu humwita shemeji, alirudi kutoka masomoni ng'ambo akapewa kompyuta ya kwanza ofisini. Yeye akawa anaipa joto la bahari, inamtolea utabiri wa majuma yajayo. Mimi nachonga penseli. Nilimwonea wivu hadi kicheko chake kikanikera.

Juni ya mwaka mmoja mke wangu alitaka kumpeleka binti yetu, mwenye pumu, kwa bibi yake Busia, kwenye joto.

"Shemeji amesema bahari imepoa. Baridi itakuwa kali, tena ndefu."

"Shemeji amehamia hapa siku hizi?"

"Angehamia, tungejua mapema lini tutoe mablanketi."

Maneno hayo yalinichoma. "Kompyuta yake haijui Makongeni. Mtoto abaki."

Ramani zangu zilionyesha upepo uleule. Sikumwambia.

Katikati ya Julai jua likapotea. Saa sita mchana manyunyu yalikuwa bado yanadondoka, na binti yangu akaanza kuhema kwa mlio, hata uji haumezeki. Nilimbeba mbio hadi zahanati. Dawa zikamtuliza. "Mtoeni kwenye baridi hii," muuguzi akasema, "au mtarudi hapa."

Nikaenda kubisha mlango wa jirani.

"Itaisha lini?"

"Kompyuta inasema wiki tatu zaidi. Lakini mjuzi wa upepo ni wewe, mzee. Wewe unaonaje?"

"Naona hivyohivyo. Nimeona tangu Juni."

Alinitazama, asicheke. "Basi mtoto asafiri kesho."

Alisafiri, na akapona. Mke wangu alimshukuru shemeji, na nikaona wivu tena, bila haya.

Kwa hiyo tundika kipimajoto kivulini. Kisome asubuhi, ukisome tena saa nane mchana. Ukiona siku tatu mfululizo joto la mchana halijapita sana lile la asubuhi, mvishe mtoto sweta, na usibishane na aliyekuonya mapema.