Sauti Ndogo, Robota Moja

Juzi, kwenye duka la fundi simu karibu na stesheni ya Tabora, nilimkuta mama mkulima wa tumbaku kutoka Goweko. Alitaka jumbe za sauti za marehemu mumewe zihamishiwe kwenye kadi yake ndogo ya kumbukumbu. Nyingi zilisema "Nimefika" tu, basi.

"Mama, nimezibana zote ziwe ndogo, bado kadi inajaa," fundi akasema. "Tufute baadhi."

"Kwani umezipangaje?"

"Kadi ina visanduku vya ukubwa mmoja. Kila sauti, hata iwe fupi, imeshika kisanduku chake kizima."

Mama akajipiga paja. "Mwanangu! Sisi hatufungi fungu moja la tumbaku kwenye robota zima. Tunashindilia mafungu mpaka lijae, ndipo tunashona."

Fundi, mwenye cheti ukutani, akajikuna kisogo. Akazikusanya sauti zote kwenye faili moja, akalibana. Zikaingia. Mimi niliyekwenda pale kununua kadi kubwa zaidi ya simu yangu nikarudisha pochi mfukoni.

"Na nafasi imebaki," fundi akajitapa. "Tuweke nyimbo za kwaya?"

Mama akaifunga kadi kwenye ncha ya khanga.

"Iache hiyo nafasi. Mimi bado sijamjibu."