Kiti Kilichogeuzwa Nyuma

Kombi ya baba yangu ilinunuliwa kwa misheni moja iliyokuwa inapunguza magari, miaka michache baada ya Uhuru, na tangu ilipoingia uani kwetu Mtendeni, mjini Tabora, haikupata kutulia iwe ya abiria au ya mizigo. Baba alikuwa fundi seremala. Siku za kazi ilibeba mbao za mninga, milango na vitanda. Siku za mapumziko ilitubeba sisi. Kwa hiyo kiti cha katikati kilitolewa na kurudishwa, kikatolewa tena, na sisi watoto tuliijua wiki imefika wapi kwa kuangalia kama kiti kimo garini au kimeegemezwa ukutani.

Kukirudisha ilikuwa shughuli ya watu wawili. Baba alilala chini ya gari juu ya gunia, mama akaingia ndani na spana. Kiti kilikuwa na miguu minne, na kila mguu ulipitishiwa bolti hadi chini ya sakafu. Mama alishika kichwa cha bolti huku juu, baba akakaza nati kule chini. Zikiisha zote baba alipiga kelele, "Tikisa!" Mama alikishika kiti kwa mikono miwili akakitikisa, kisha baba akatoka uvunguni, akajikung'uta vumbi, akakitikisa mwenyewe, kwa sababu hakuamini mtikiso wa mtu mwingine. Mpaka hapo hakuna aliyeruhusiwa kukaa. Aliwahi kumteremsha bibi harusi na wapambe wake, wameshapanda na marashi yao, kwa ajili ya nati moja aliyoitilia shaka. Watu walisonya, na baba hakujali. Kiti kisichofungwa kwake kilikuwa mzigo tu, na mtu aliyekaa juu ya mzigo naye alikuwa mzigo.

Nayaeleza haya ili ieleweke kwamba baba hakuwa mzembe. Lililotokea halikutokana na uzembe. Lilitokana na heshima, tena ile ya kuzidi.

Baba hakuwa Mnyamwezi. Babu yake alifika Tabora na misafara, akaona mji unamfaa, akabaki. Mama ndiye aliyekuwa Mnyamwezi, wa upande wa Usinge, mtoto wa Wamoravian, na kwao mkwe na mama mkwe waliheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawakula pamoja, hawakutazamana usoni, na wakikutana njiani mmoja aliiacha njia akaingia majanini mpaka mwenzake apite. Mtu aliyezaliwa ndani ya mila anajua pa kukaza na pa kulegeza. Baba aliingia ukubwani, akakaza kila mahali. Wajomba zangu walikuwa wanamcheka chinichini. Tukienda Usinge aliliacha gari mbali na nyumba ya bibi, akaligeuza litazame porini, kana kwamba taa za mbele nazo zilikuwa na haya. Tangu amwoe mama hakuwa amewahi kumwona bibi usoni, na jambo hilo lilimpa fahari.

Mwaka niliomaliza darasa la saba, bibi alikuwa tayari amehamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, katika mstari wa nyumba zilizofanana. Kusema kweli alihama mwili tu. Kila alipopata upenyo alirudi kwenye mahame yake kuchukua kitu alichokisahau, na sidhani kama alikuwa amekisahau. Safari hiyo lilikuwa jiwe la kusagia. Mguu wake uliingia katika shimo la mhanga na paja likavunjika. Mganga wa zahanati alilifunga kwa vipande vya mbao, akasema apelekwe hospitali ya mkoa, na njiani mfupa usichezechezwe hata kidogo, maana ukihama anaweza kukatwa mguu, na kwa umri wake hakuahidi kwamba angeamka baada ya kukatwa. Balozi wa nyumba kumi akatuletea habari kwa mdomo wa mtu aliyekuwa anakuja Tabora na treni. Yule mtu alitusimulia vilevile alivyotumwa, amesimama mlangoni, hakutaka hata maji. Mama alikaa chini palepale kwenye kizingiti.

Kumpandisha na kumshusha mgonjwa wa namna ile kwenye behewa lililojaa watu lilikuwa jambo lisilofikirika. Ikabaki kombi. Wazazi wangu wakaenda uani kuipanga, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Toa kiti cha kati," mama alisema. "Tandika godoro sakafuni, alale. Basi."

"Kichwa kiwe wapi?"

"Nyuma ya kiti chako. Hapo gari halirushi."

"Mama mkwe alale chini, mimi nimekaa juu yake, nampa mgongo?"

"Basi miguu ndiyo ije kwako."

"Hilo ndilo baya zaidi."

"Baba watoto, ni mgonjwa."

"Ni mkwe," baba alisema, akaingia uvunguni.

Alikuwa ameshafikiria. Angekigeuza kiti cha kati kitazame nyuma. Bibi angekaa juu yake amempa baba mgongo, na mguu ungenyooshwa juu ya ubao mpaka kwenye kiti cha nyuma. Hakuna ambaye angemwona mwenziwe, na mfupa ungetulia. Majirani waliokuja kutupa pole walilisikia wazo hilo wakalisifu. Mimi pia nililisifu moyoni. Lilikuwa wazo la mtu mwenye akili, isipokuwa matundu ya sakafuni yalitobolewa kwa kiti kinachotazama mbele. Kilipogeuzwa, miguu miwili ya upande wa mgongo iliyapata matundu, miwili ya upande wa magoti haikuyapata. Kutoboa mengine hakukuwezekana. Keekee ya baba ilikuwa ya kutobolea mbao, na gereji aliyoikimbilia walikuwa na mashine lakini hawakuwa na ncha za kutobolea chuma; miaka ile kitu kikikatika, hukujua kingine kitapatikana lini. Basi ile miguu miwili akaifunga kwa kamba ya katani kwenye vyuma vya sakafuni, akaikaza kwa kijiti kama anayekaza kitanda cha kamba.

Mama alikuwa ndani na spana yake, hana bolti ya kushika. "Hiki hakijafungwa," alisema.

"Kimefungwa."

"Nusu."

Baba alikitikisa. Kikatulia, maana hakikuwa na mtu. Kisha akatoa leso mfukoni, akakifunika kioo cha ndani cha dereva ili asije akamwona bibi kwa bahati mbaya. Mama alimtazama akifunga lile fundo, akaondoka, akarudi na godoro amelikunja, akalipakia juu ya keria ya paani. Hakumwomba mtu ruhusa.

Tulilala Usinge usiku mmoja. Asubuhi wanawake walimbeba bibi kwenye machela ya matandiko na kumpakia, huku baba amesimama nyuma ya nyumba ya jirani anatazama miti. Alipoitwa alikuja kinyumenyume, nusura ajikwae. Bibi alikuwa amejifunika khanga gubigubi, akiacha macho tu. Mama na mimi tulikaa kiti cha nyuma, tumeelekeana naye. Mama aliushika mguu, mimi nikashika ubao. Bibi alikuwa mwembamba, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na macho makavu ambayo sikuwahi kuyaona yakitoa chozi. Gari lilipoingia kwenye shimo alifumba macho, akafumbua. Hakuguna.

Baadaye alimwambia mama kwamba kiti alikihisi kinacheza tangu tulipoipita Kaliua. Hakusema, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaongea garini na sauti yake ingemfikia mkwe. Sisi hatukuiona kamba, ilikuwa chini ya ubao. Baba hakutuona hata sisi, kioo kimefunikwa. Kila mtu mle ndani alikuwa anamheshimu mwenzake, na kamba inalegea.

Mbele ya Urambo palikuwa na kizuizi cha mbung'o. Kila gari lilisimamishwa pale, bwana mmoja wa serikali akapita na wavu akikamata mbung'o walioingia nalo, ndipo uruhusiwe kuendelea. Kizuizi kilikuwa kwenye kona. Baba alikikuta ghafla, akakanyaga breki.

Kamba ilikatika. Zile bolti mbili zilizobaki zikageuka bawaba, na kiti kizima, bibi akiwa juu yake, kikaanguka chali kuelekea mbele. Ubao ulinichomoka mikononi. Mguu ulimponyoka mama. Kichwa cha bibi kilipita katikati ya viti viwili vya mbele, khanga ikabaki nyuma, na kikatua ubavuni mwa baba, kwenye kiwiko chake, uso juu. Bibi alipiga ukelele mmoja tu.

Baba aligeuka, akamwona. Kisha akafumba macho, akageuzia uso dirishani, mikono yote miwili kwenye usukani. Yule bwana wa mbung'o alisimama nje na wavu wake, haelewi.

"Mshike!" mama alipiga kelele. "Mama anakufa, wewe umefumba macho? Mshike!"

Baba hakujitikisa. Sikuwahi kumchukia baba yangu kabla ya hapo wala baada ya hapo, lakini kwa kitambo kile nilimchukia.

Ndipo bibi akasema. Hakumwambia mama, alimwambia yeye, kwa Kiswahili, pole pole, akipumua kwa shida.

"Baba, nishike."

Baba alifumbua macho. Alipitisha mkono chini ya mabega yake na mwingine chini ya kiuno, akamnyanyua, mama akaushika mguu, tukamtoa, tukamlaza kwenye matandiko kando ya barabara. Baba alikuwa analia na kufanya kazi kwa pamoja. Aliingia uvunguni, mama akashika vichwa vya zile bolti mbili kwa spana yake, zikafunguka, baba akakitoa kiti, akakikabidhi kwa yule bwana wa mbung'o akiweke kibandani mwake. Godoro likateremshwa kutoka kwenye keria na kutandikwa sakafuni. Alipakia magunia pande zote mbili ili lisitambae, akalikanyaga, akalisukuma kwa goti, akalisukuma tena. Kisha akambeba bibi yeye mwenyewe, akamlaza, kichwa nyuma ya kiti cha dereva. Alipokaa kwenye usukani alikifunua kioo.

Kutoka pale mpaka Tabora tulikwenda mwendo wa baiskeli. Baba aliitazama barabara, akatazama kioo, akaitazama barabara.

"Shimo, mama," alisema.

"Haya, baba."

Mwendo tena, halafu, "Kuna tuta, mama."

"Haya."

Ndiyo yalikuwa mazungumzo yao marefu kuliko yote. Mama alikaa sakafuni ameushika mguu, jasho linamtiririka, na mbung'o waliobaki wakatuuma sote bila kuchagua mkwe wala mwana.

Hospitalini daktari aliupiga mguu picha, akatuita kando ya kitanda. Alikuwa kijana, amechoka. Alisema mguu hautakatwa, ila utapona ukiwa mfupi kuliko mwenzake, na bibi atatembelea mkongojo maisha yake yote. Kisha akasema kuna jambo haelewi. Mfupa ulikuwa umevunjika mahali pawili, na pa pili palikuwa papya. Kama ungevunjika mahali pamoja tu, mguu ungeweza kunyooka kabisa.

"Njiani kulitokea nini?" aliuliza.

Baba alifungua mdomo. Alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, pale pale ambapo mkwe hatakiwi kusimama.

"Nilianguka shimoni," bibi alisema. Alikuwa mwanamke aliyeweza kumfukuza mwanawe mwenyewe nyumbani kwa sababu ya uongo wa kitoto. "Nikajaribu kuinuka, nikaanguka tena. Hawa wamenileta vizuri."

Daktari akaandika.

Bibi aliivuta shuka, akajifunika uso, akageukia ukutani, na baba akajua kwamba sasa anatakiwa kutoka. Alitoka kinyumenyume, taratibu, mpaka mlangoni. Tulimkuta amekaa kwenye ngazi za nje, kichwa kati ya magoti, analia kwa sauti mbele ya wagonjwa na wauguzi waliokuwa wanapita. Mama bado alikuwa na spana yake, ameichomeka kiunoni. Nadhani hakujua kwamba anayo. Alikaa karibu naye, bega kwa bega. Nilingoja aseme juu ya kamba, maana haki ya kusema alikuwa nayo. Hakusema siku ile, na mpaka wote wawili wanaingia kaburini sikumsikia akisema.