Mwasumini wangu na udhu wa Babu

Nshampata anayeniozeshea mwasumini wangu, na hata kumkasirikia siwezi.

Kila Ijumaa nnakitia chungu chake kwenye beseni la maji, mizizi inywe kutoka chini taratibu. Kisha nnakitoa, maji yajichuje. Juu simwagii hata tone.

Lakini majani yamepiga manjano. Udongo unanuka kama mtaro. Juzi umeota uyoga.

Nikamlaumu aliyeniuzia udongo kule Kiembe Samaki. Nikamfuata mpaka dukani kwake. (Samahani sana, kaka.)

Leo nimewahi kurudi kazini, adhuhuri. Nafungua mlango wa roshani, namkuta Babu, aliyehamia kwetu miezi miwili sasa, kakaa kwenye kigoda, birika mkononi, anatia udhu.

Miguu yake iko juu ya chungu changu.

Mara tano kwa siku, jamani.

"Shikamoo, Babu. Kumbe udhu unatilia hapa?"

"Marahaba. Sasa maji niyamwage bure na mti wako una kiu? Tangu nije sijakuona ukiumwagia hata kikombe. Nnakusitiri tu, hata mamako sijamwambia."

Yaani mvivu ni mimi.

Nikamweleza habari ya beseni, kwa adabu zote. Akasikiliza. Akaniahidi hatotilia tena udhu kwenye mwasumini.

Nyinyi mngesemaje zaidi ya hapo?

Baada ya alasiri nimetoka kuangalia. Kweli, mzee katimiza ahadi, mwasumini haujaguswa.

Mrehani wa pembeni yake ndio ulioloa chapachapa.